Tanzia: Sauti Iliyokuwa Juu ya Picha

Sauti ya mfasiri wa picha imekata. Ninaizungumzia ile sauti ya mtu mmoja aliyekaa kando ya televisheni kwenye banda la video, maikrofoni mkononi, akiwasemea Wachina, Wahindi na Wakorea kwa Kiswahili, wake kwa waume, wazee kwa watoto, mfalme na mtumwa wake, tangu picha inaanza hadi majina yanapopanda. Haikukata siku moja. Iliugua miaka mingi, na sisi tuliolelewa nayo hatukwenda hata kuijulia hali. Mimi habari za msiba nilizipata nilipopita Manzese kulitafuta banda nililokulia. Banda lipo. Mabati yamebadilishwa, mabenchi yameondoka yamekuja viti vya plastiki, na ile televisheni ya mgongo imezipisha skrini bapa mbili. Kwenye ubao wa nje zimeandikwa kwa chaki mechi za Ligi Kuu ya Uingereza na saa zake. Nilimuuliza kijana anayekusanya hela mlangoni kama huwa wanaweka picha zilizotafsiriwa. "Hapana, mzee wangu," alinijibu kwa adabu, "siku hizi kila mtu anaangalia picha kwenye simu yake."

Wanaomkumbuka marehemu humkumbuka kwa vichekesho. Atakuambia mtu jinsi alivyompa adui wa Kichina jina la mwenyekiti wa mtaa, au jinsi alivyomfanya Mhindi anayelia msibani aseme kwamba hajala tangu asubuhi. Vichekesho vilikuwapo, na vilikuwa vitamu. Lakini mfasiri alikuwa na kazi ya pili ambayo sijasikia ikitajwa na wanaomlilia, na kwa ajili ya hiyo ndiyo naandika. Alikuwa mhakiki. Kwa watu wengi mno wa Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa na Nairobi, yeye ndiye mhakiki pekee wa sinema ya Asia waliyepata kumsikia maishani, na uhakiki wake aliufanya papo hapo, picha ikitembea, kwa lugha ya walioketi mbele yake.

Sinema ya Asia ilitufikia kabla yake. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilijaza majumba ya sinema ya Zanzibar, watu wakatoka wakiimba nyimbo zake bila kujua Kihindi. Miaka ya 1970 ikawa zamu ya kung fu. Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, Enter the Dragon ikiwa bado haijaanza kuonyeshwa, na vijana wa Dar es Salaam walimpenda akiwa tayari kaburini, katika miaka ileile ambayo mafundi wa Kichina walikuwa wakiijenga reli ya TAZARA. Sinemani wakati huo kila mtu alijielewea mwenyewe. Aliyejua Kiingereza, au aliyekwisha kuiona picha, aliwanong'oneza wenzake wa safu yake. Naamini mfasiri alizaliwa pale, kwenye ule mnong'ono wa safu ya nyuma.

Aliyempa maikrofoni ni deki ya video. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa nacho tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo miaka mingi mtu wa Bara mwenye deki, televisheni na chumba kimoja alikuwa na sinema yake. Waganda walitangulia kumweka mtu wa kusemea picha bandani. Kwao huitwa VJ na husema Kiganda. Kwetu jina lililovuma kuliko yote ni la Lufufu, yaani Derek Mukandala, ambaye sauti yake ilitoka bandani ikaingia kwenye kaseti na baadaye kwenye DVD, ikasambaa kila palipokuwa na umeme au jenereta. Baada yake akasikika DJ Mark na wengineo. Kenya ikampata DJ Afro, na Kiswahili chake cha Nairobi kilichochanganyika na Sheng.

Wa banda letu hakuwa maarufu. Alikuwa amewahi kufundisha shule ya msingi, tukamwita Mwalimu, na nje ya mtaa hakuna aliyemjua. Alikaa kwenye stuli upande wa kushoto wa televisheni, mgongo ukutani, ili aweze kuitazama picha kwa jicho moja na kututazama sisi kwa jicho la pili. Siku hizi nikifikiri naona kwamba namna ile ya kukaa ndiyo iliyokuwa siri ya kazi yake.

Nikumbuke Sholay, ya mwaka 1975, ile ya Amitabh Bachchan na Dharmendra. Mzee mmoja, Thakur, askari wa zamani, amewakodi wezi wawili wamkamate jambazi Gabbar Singh. Tangu mwanzo mzee huyo amejifunika shuka mabegani, na hakuna anayejiuliza kwa nini. Ikafika ile siku ya sikukuu ya rangi. Gabbar na watu wake wanavamia kijiji, mambo yanawaendea kombo wale vijana wawili, na bunduki imelala chini, karibu kabisa na miguu ya mzee. Anaitazama. Hainami. Hairushi. Vijana wananusurika kwa bahati yao.

Bandani kulichafuka. "Mzee mwoga huyo!" Watu walisimama. Mtu wa nyuma yangu alirusha maganda ya karanga kwenye kioo. Mwalimu alikuwa ameiona Sholay zaidi ya mara kumi, na alijua kila kitu. Angeweza kutuambia. Badala yake aliishusha maikrofoni akaiweka juu ya goti, akatuacha tutukane. Aliiinua tena pale mzee alipoanza kuwasimulia vijana yaliyompata: jinsi Gabbar alivyotoroka jela, akaja nyumbani kwake yeye hayupo, akaua wanawe na mjukuu wake, na jinsi alivyomfuata kwa hasira akakamatwa, akafungwa, mikono ikakatwa yote miwili kwa panga. Mwalimu aliyasema neno kwa neno, taratibu, bila utani hata mmoja. Kisha upepo ukaja, ukalichukua lile shuka likaanguka, na mikono ya kanzu ikaonekana inaning'inia mitupu. Hapo Mwalimu hakutafsiri chochote, maana hapakuwa na la kutafsiri. Aligeuka akatuangalia.

"Nani alisema mwoga?"

Banda zima lilinyamaza. Nilikuwa na miaka kumi hivi, na sijasahau hadi leo. Nimesoma baadaye maandishi ya wasomi kuhusu Sholay, kuhusu Salim na Javed walioiandika na Ramesh Sippy aliyeiongoza, na jinsi walivyoificha siri ya shuka kwa muda mrefu. Wameeleza vizuri. Lakini hakuna aliyenionyesha kwa uwazi ule kwamba mtengeneza picha alikuwa ametushika mkono akatuongoza hadi kwenye hukumu ya dhuluma, kisha akatuvua nguo. Mwalimu alilionyesha kwa maneno matatu, kwa kuwa alituona tulivyokuwa dakika tano kabla.

Na si kwa Wahindi tu. Tulipoona The 36th Chamber of Shaolin, picha ya Hong Kong ya mwaka 1978, tulikuja kutafuta ngumi kama kawaida. Humo kijana anayechezwa na Gordon Liu anaingia hekaluni kujifunza, na kwa muda mrefu sana hapigani na mtu. Anabeba ndoo za maji mikono imenyooka kando, visu vimefungwa kwenye mikono. Akilegeza viwiko, vinamchoma mbavuni. Anaanguka majini na kuanza upya. Watoto tulianza kulalamika, tukamtaka mwenye deki apeleke mbele.

Mwalimu alikataa. Akasema, "Hili ni jando. Nani hapa alipelekwa mbele jandoni?" Wakubwa wakacheka, wakatulia. Kisha akaeleza, picha ikiendelea, kwamba wale wanaotawala mle ndani ni Wamanchu, wametoka kaskazini, wameiteka nchi, na kwamba hata ule mkia wa nywele wanaoufuga wanaume wote ni amri ya mtawala, atakayeukata hukatwa kichwa. "Ndiyo maana anakubali kuteswa. Nyumbani wameua. Na huyu mwenye picha anataka na nyinyi mchoke kama anavyochoka kijana, ili siku akitoka mjue ametoka na nini."

Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kusoma kwamba mwongozaji wa picha ile, Lau Kar-leung, alikuwa mwenyewe mtu wa kung fu, mtoto wa mtu wa kung fu, na kwamba nasaba ya mafunzo yake inapanda hadi kwa Wong Fei-hung. Wahakiki wanamsifu kwa jambo hilohilo: kwamba aliyapa mafunzo heshima ambayo wenzake waliipa vita. Mwalimu hakuwa na vitabu vyao. Alikuwa na macho, na alikuwa na watoto thelathini waliotaka picha ipelekwe mbele.

Hapa nataka kusema jambo kuhusu neno lenyewe. Leo tukisema tafsiri tunamaanisha kulitoa neno lugha moja na kulitia katika nyingine. Lakini watu wa Pwani wana maana ya zamani zaidi, na wanaisikia kila Ramadhani. Darsa ya tafsiri ni shehe amekaa, anasoma aya, anasimama, anaeleza iliteremka lini na kwa sababu gani, anatoa mfano wa sokoni au wa nyumbani, anawatazama watu kama wamefahamu, ndipo anasoma inayofuata. Kuhamisha maneno peke yake kuna jina lake, tarjuma. Mfasiri wa picha alikuwa mtu wa tafsiri kwa maana ile ya darsa. Alisoma picha, akasimama, akaeleza, akatutazama. Na sisi tuliuliza. Mtu alipiga kelele kutoka nyuma, "Sasa yule mama mbona hakusema ukweli tangu mwanzo?" na Mwalimu alijibu hapohapo, wakati mwingine kwa kukiri kwamba hata yeye anaona mwandishi amelegea. Hiyo si tarjuma.

Sitamsifu kwa asiyokuwa nayo. Kikantoni hakukijua, wala Kihindi, ukiacha maneno machache ya nyimbo. Alitegemea maandishi ya Kiingereza ya chini ya kioo, ambayo katika picha nyingi za Hong Kong yalikuwa yameandikwa ovyo, na yalipomkimbia alijaza mwenyewe. Wajapani wote kwake walikuwa Wachina. Mazungumzo marefu ya mapenzi aliyaruka, au aliyageuza mzaha, na wanawake aliwasemea kwa sauti ya pua iliyofanya kila mwanamke wa Asia aonekane mpuuzi, hata yule aliyekuwa na akili kuliko wanaume wote wa kwenye picha. Nilichelewa kujua waigizaji wa kike wa Hong Kong na Bombay walikuwa na uzito gani, na kuchelewa huko ni kosa lake. Kwenye mkeka wa msiba watu husema mema tu ya maiti, lakini mhakiki anastahili kuhakikiwa, na naamini hili lingemuudhi kidogo halafu angelikubali.

Hakuwa peke yake duniani, na natamani angejua. Japani walikuwa na watu wa kazi yake hasa, wakiitwa benshi, enzi ya picha zisizo na sauti. Benshi alisimama kando ya kioo akawasemea wahusika wote na kueleza kinachoendelea, na watu walichagua sinema ya kwenda kwa jina la benshi kabla ya jina la mwigizaji. Mwaka 1927 walihesabiwa 6,818, wanawake 180 miongoni mwao. Mwaka 1931 picha ya Kimarekani iitwayo Morocco iliingia Japani ikiwa na maandishi ya Kijapani kwenye kioo, na watu wakaona kwamba inawezekana kuielewa picha ya kigeni bila mtu kando. Benshi waligoma. Mmoja wa viongozi wa mgomo alikuwa Heigo, kaka mkubwa wa Akira Kurosawa, yule ambaye baadaye angekuwa mwongozaji mkubwa wa Asia. Heigo ndiye aliyemfundisha mdogo wake kuzitazama picha na kuchagua nzuri na mbaya. Mwaka 1933 alijiua. Kila ninapoangalia Seven Samurai nafikiri kwamba macho yale yalifunzwa na mfasiri wa picha.

Korea nako walikuwapo, chini ya ukoloni wa Wajapani, wakiitwa byeonsa. Arirang ya Na Woon-gyu, ya mwaka 1926, haikuwa na sauti. Aliyeipa sauti ni byeonsa, na kwa kuwa polisi wa mkoloni alikaa humohumo ukumbini, maneno ya mtu huyo yaliweza kupoa au kuchemka kutegemea nani ameketi wapi. Picha yenyewe imepotea. Maneno mengi ya waliosimama kando yake yamepotea pia.

Kwetu marehemu aliuawa na mambo mengi, na nitayataja bila kumlaumu mtu. La kwanza ni la haki, na lisemwe wazi: picha hazikuwa zake. Hakuna aliyeomba ruhusa Hong Kong wala Mumbai wala Seoul. DVD zilinakiliwa, sauti ikawekwa juu, zikauzwa Kariakoo kwa bei ambayo msanii wa nyumbani hakuweza kushindana nayo. Aprili 2017 wasanii wa Bongo Muvi waliandamana Kariakoo kupinga picha za nje zinazouzwa bila kulipiwa kodi, na huwezi kusema hawakuwa na hoja. Mtu aliyetumia fedha zake kutengeneza picha ya Kiswahili alikuta jirani anauza picha ya mabilioni ya Wakorea, yenye Kiswahili juu yake, kwa bei ya vocha.

La pili ni kwamba Waasia wenyewe walikuja na Kiswahili. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthiliya ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, imeingizwa sauti za Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho, na Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwa jina. Mwaka 2016 StarTimes iliendesha mashindano ya kutafuta sauti za Kiswahili Tanzania, washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi. Azam nao wakatuletea tamthiliya za Kituruki zinazosema Kiswahili sanifu. Vijana wa kuingiza sauti ni hodari, wamepata ajira na mikataba, na kila mhusika ana sauti yake. Mwanamke anasemewa na mwanamke. Naheshimu kazi hiyo. Lakini ni tarjuma. Doudou akigombana na mama mkwe wake hakuna wa kutuambia kwa nini nyumba mjini Beijing ni jambo la kuvunja ndoa, au kwa nini mtoto wa pekee anabebeshwa wazee wanne. Tamthiliya inakuja imekamilika, imefungwa, na sisi tunakaa kimya mbele yake kama wageni.

La tatu ni simu. Mtu mmoja, kioo kimoja, spika za masikioni.

La nne ni sisi tuliosoma. Tulipofika sekondari na kuanza kuyasoma yale maandishi ya chini ya kioo, tulimwona Mwalimu anatuchelewesha. Tulimsahihisha kwa sauti, mbele za watu. Siku moja nilimwambia, nikiwa kidato cha tatu na Kiingereza changu kipya, kwamba alichosema sicho kilichoandikwa. Akanijibu bila hasira, "Najua, mwanangu. Lakini kilichoandikwa sicho alichosema." Nilicheka na wenzangu. Baadaye, nilipoanza kulipwa kwa kutafsiri maandishi ya watu, ndipo nilipoelewa alichoniambia, na alikuwa ameshahama mtaa.

Wafiwa ni wengi, ila nitamtaja mmoja, mama yangu mzazi. Mama hakusoma. Jumong ya Wakorea, sehemu themanini na moja, aliiangalia yote kwenye DVD zilizotafsiriwa, na kwa miezi ile nyumba yetu ilikuwa na ufalme ndani yake. Alijua nani wa Buyeo na nani msaliti. Alikuwa na maoni yake kuhusu malkia: kwamba si mbaya, anamlinda mwanawe, na mwenye picha amemwonea. Alibishana na sauti ya mfasiri kama anavyobishana na jirani dirishani, na mara nyingine sauti ilimpa haki, maana naye mfasiri alikuwa ameanza kumwonea malkia huruma. Siku hizi wajukuu wanamwekea tamthiliya mpya za Kikorea kwenye televisheni kubwa, picha inang'aa, maandishi ya Kiingereza yanapita chini. Anaangalia nguo na vyakula. Kila baada ya muda anauliza, "Anasema nini?" na mjukuu, macho yakiwa kwenye kioo, anamjibu kwa maneno mawili. Juzi hakuuliza tena. Alisinzia.

Tunaambiwa kwamba sasa ni wakati wa Asia, kwamba dunia nzima inaangalia Parasite na kusoma waandishi wa Seoul na Tokyo, na ni kweli: mwaka 2020 Parasite ya Bong Joon-ho ilikuwa picha ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda Oscar ya picha bora. Vitabu vya huko kwa Kiswahili ni haba, na mazungumzo yote makubwa juu ya picha zao tunayapata kwa Kiingereza. Mtu kama mama yangu, aliyekuwa na hoja thabiti juu ya malkia wa Buyeo, hana pa kuingilia katika mazungumzo hayo. Alikuwa napo alipokuwa na mfasiri.

Waliobaki katika ukoo huu wapo. Sauti za kina DJ Afro zinasikika YouTube, na wako vijana wanaorekodi chumbani, kompyuta mbele, mlango umefungwa. Nawasikiliza, nafurahi, wana vipaji. Ila anayerekodi peke yake hana wa kumrushia maganda ya karanga. Hawezi kuinyamazia picha kwa makusudi akiwatazama watu wanavyopotea, ili awageukie pale shuka linapoanguka. Ile sauti iliyokaa kando ya kioo na kutazama pande mbili ndiyo tuliyoizika.

Wajapani walimzika benshi, lakini hawakutupa vitu vyake. Mtoto wa benshi mmoja, Matsuda Shunsui, alitumia maisha yake kukusanya picha za zamani na kuitunza sanaa yenyewe hadi alipofariki mwaka 1987, na mwanafunzi wake, Sawato Midori, akaendelea kusimama kando ya kioo mbele ya watu kwa miongo kadhaa, watu wakilipa kumsikiliza. Sisi hatujakusanya. Sauti ya Mwalimu haipo popote. Hakuwahi kurekodiwa hata mara moja. Ya Lufufu na ya wenzake ipo, imetawanyika majumbani mwa watu, kwenye kaseti zinazoota ukungu na DVD zenye mikwaruzo, chini ya vitanda na juu ya makabati.

Kama unayo hata moja, usiitupe wakati wa kuhama nyumba. Ifute vumbi, andika juu yake jina la picha, jina la mfasiri kama unalijua, mtaa na mwaka ulipoipata, kisha mtafute kijana mwenye vifaa aihamishie kwenye kompyuta. Na kama kuna mtu mzima nyumbani aliyekuwa akiiangalia, iwekeni mbele yake kwanza, mkae naye, msikie anavyobishana nayo.